Kushuka Mlima Baada ya Kustaafu: Ushauri kwa Wazee wa Songwe

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 sheria inamtaka astaafu. Katika miezi ya mwisho kazini huitwa kwenye semina akafundishwa namna ya kutunza kiinua mgongo, kuwakwepa matapeli, kufuga kuku au kupanda parachichi. Ushauri huo unahitajika. Lakini ipo mali moja ya mstaafu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni miguu yake. Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka 30, karani aliyekaa mezani mpakani Tunduma tangu ujana, dereva aliyemaliza nusu ya umri wake nyuma ya usukani, wote hurudi nyumbani Vwawa, Mlowo au Itumba wakiwa na misuli ambayo imeanza kupungua zamani bila wao kujua. Hoja ya makala haya ni moja: kwa mzee anayeishi mkoa wa Songwe, kushuka mlima kwa miguu, taratibu na kwa ujuzi, ni zoezi lenye faida na raha kuliko mengi anayoweza kuyachagua, na ardhi ya mkoa huu inamwezesha kulifanya bila kulipa kiingilio popote.

Hoja hiyo inaweza kuonekana ngeni kwa sababu tumezoea kusifu kupanda. Aliyefika kileleni hupongezwa, na njia ya kurudi huhesabiwa kuwa si kazi. Ulaya wapo walioitambua thamani ya mteremko mapema. Katika milima ya Alps, hasa Austria na Uswisi, wastaafu wengi huendelea na mchezo wa kuteleza kwenye theluji hata baada ya kupita miaka 70. Hupandishwa juu kwa gari la waya, kisha hushuka wakiwa wamefunga mbao nyembamba miguuni, magoti yamepinda, wakikata kona huku na huku ili mwendo usiwashinde. Watafiti wa Salzburg, wakiongozwa na Erich Müller, waliamua kupima mchezo huo unamfanyia nini mzee. Waliwachukua watu waliopita miaka 60, wakawasimamia wakicheza kwa wiki 12, na wakawalinganisha na wenzao ambao hawakucheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba nguvu ya miguu ya wachezaji iliongezeka. Hao walikuwa watu wa umri ambao wengi wetu tunaamini kwamba nguvu zikiondoka haziwezi kurudi.

Mchezo wenyewe umewahi kufika nchini kwetu. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo na katika kushuka wakatumia mbao za kutelezea. Tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Karibu zaidi na siku zetu, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018. Mstaafu wa Mbozi hana theluji, na wala haihitaji. Kilichowajenga wazee wa Salzburg ni uzito wa mwili unaovutwa chini na misuli inayouzuia usiporomoke. Dunia huvuta mwili wa mtu Ileje kama inavyouvuta Austria, na anayeshuka kwa miguu huanguka kwa kasi ndogo sana kuliko anayeteleza juu ya mbao.

Ili kuelewa kwa nini kushuka kuna faida, tuangalie paja linafanya nini. Mtu anapopanda, misuli ya mbele ya paja hukaza na kufupika ikiinua mwili. Anaposhuka, misuli hiyo hiyo hukaza huku ikirefuka, ikiuachia mwili ushuke kidogo kidogo. Dereva wa lori anayejua kazi yake, kabla ya kuanza kuteremka Mlima Senjele kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, huingiza gia ndogo ili injini izuie mzigo. Mapaja ya mtu anayeshuka hufanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1952 wanasayansi B. C. Abbott, Brenda Bigland na J. M. Ritchie waliupima utofauti huo kwa njia ambayo hata asiye msomi anaielewa. Waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, mpanda baiskeli mmoja akawa anakanyaga pedali kwenda mbele na mwingine akawa anazizuia. Nguvu za pande mbili zilikuwa sawa, lakini aliyezuia alitumia hewa kidogo mara kadhaa kuliko aliyekanyaga. Walipolionyesha jaribio hilo London, Bigland, mwanamke mwenye umbo dogo, alimzuia Ritchie, mwanamume mkubwa kuliko yeye, hadi mwanamume akachoka na mwanamke hana wasiwasi.

Hapo ndipo faida ya mzee ilipo. Uzeeni pumzi hupungua, moyo hauongezi kasi kama zamani, na wengi huacha mazoezi kwa sababu wakipanda kidogo tu wanahema. Kushuka kunayapa mapaja kazi kubwa huku mapafu na moyo vikipewa kazi ndogo. Vipimo vya Alberto Minetti na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 2002, vilionyesha kwamba kutembea hutumia nguvu ndogo kuliko kwingine kote kwenye mteremko wa asilimia 10 hivi, yaani pale ardhi inaposhuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Tena, tafiti nyingi za kulinganisha vijana na wazee zimeonyesha kwamba nguvu ya kuzuia hupungua polepole kuliko nguvu ya kusukuma. Mzee ambaye hawezi tena kuinua alichokiinua akiwa na miaka 30 bado ana akiba nzuri ya uwezo wa kuzuia. Ni busara kuanzia mahali ambapo mwili bado una akiba, na kuijenga miguu kutokea hapo.

Ushahidi hauishii kwenye nguvu za miguu. Huko Austria daktari Heinz Drexel na wenzake waliwachukua watu wenye afya lakini wasiofanya mazoezi, wakawapeleka kwenye mlima wenye gari la waya. Kwa miezi miwili walipanda kwa miguu na kurudi chini kwa gari la waya. Kwa miezi mingine miwili walipanda kwa gari na kushuka kwa miguu. Kupanda na kushuka kote kulipunguza lehemu mbaya kwenye damu. Kupanda kulisaidia zaidi kupunguza aina nyingine ya mafuta ya damu, na kushuka kulisaidia zaidi mwili kuimudu sukari. Taiwan nako, wanawake wanene waliopita miaka 60 waligawanywa makundi mawili, moja likapanda ngazi za jengo refu na kurudi chini kwa lifti, la pili likapanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa wazi: makundi yote yalipata nafuu, lakini walioshuka waliwazidi wenzao katika nguvu za miguu, uzito wa mifupa na udhibiti wa sukari. Kwa familia inayomuuguza mzee wa kisukari, habari hiyo ina uzito mkubwa, maana walioshuka ndio walioona kazi ni nyepesi.

Sasa tuitazame Songwe yenyewe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawa Mbeya. Uwanda wa Mbozi, pamoja na mji wa Tunduma, uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi ya Momba na wilaya ya Songwe huteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi. Upande wa kusini kuna milima ya Undali wilayani Ileje, inayoshuka kuelekea Mto Songwe na mpaka wa Malawi. Kwa hiyo mstaafu hahitaji kusafiri kutafuta mteremko. Kwa anayeanza, ardhi ya kufaa ni ile ya Mbozi, yenye vilima vipole na njia zinazopita kati ya mashamba ya kahawa. Kilima cha Marengi, ambako kimondo cha Mbozi chenye takriban tani 16 kimelala, ni mfano wa mahali ambapo mzee anaweza kwenda na wajukuu, akatembea mteremko mpole na kuona jambo ambalo watu hulifuata kutoka nchi za mbali. Aliyezoea anaweza kwenda Ileje, ambako miteremko ni mirefu na hewa ni baridi. Ukingo wa bonde la Rukwa tuwaachie vijana: ni mkali, joto huongezeka kila unaposhuka, na ukichokea katikati msaada uko mbali.

Jambo ambalo wengi hawajalifikiria ni kwamba mambo mawili ya zoezi hili, kupanda na kushuka, yanaweza kutenganishwa. Watu wa Austria na Taiwan walifika juu kwa gari la waya au lifti, na sisi tuna Hiace, bajaji na bodaboda. Mstaafu anayeishi bondeni anaweza kulipa nauli ndogo hadi juu ya kilima, akateremka hapo na kurudi nyumbani kwa miguu. Asiyetaka kutoa nauli apande kwa miguu polepole sana, akipumzika kila anapohitaji, akijua kwamba zoezi lake la siku liko kwenye njia ya kurudi. Kwa bodaboda nina tahadhari moja: haina maana kulinda goti halafu ukahatarisha kichwa. Chagua kijana unayemfahamu, mwambie aende taratibu, vaa kofia ngumu, na kama kuna gari la kawaida linalopita njia hiyo lisubiri. Usifanye zoezi kando ya barabara kuu ya malori. Tafuta njia ya kijiji au barabara ya shambani ambako magari ni machache.

Anza na kidogo kuliko unavyodhani unaweza. Misuli isiyozoea kuzuia huuma baada ya kushuka, na maumivu hayo huwa hayaji siku hiyo hiyo; huanza kesho yake na kuzidi kati ya siku ya pili na ya tatu. Mzee asiyejua hilo hushuka saa nzima siku ya kwanza, akaamka kesho kutwa hawezi kuketi chooni bila kushika ukuta, akaapa kwamba milima si ya rika lake. Mwili una kinga yake: misuli ikishapata kazi ya aina hii mara moja, hata kwa kiasi kidogo, mara ya pili huumia kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza shuka dakika 10 tu, mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili au tatu katikati. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki kama wiki iliyotangulia haikukuumiza. Ndani ya miezi mitatu utakuwa unashuka nusu saa au zaidi, na hapo unaweza kutafuta mteremko mkali kidogo. Usiongeze muda na ukali wa mteremko katika wiki moja. Siku nyingine tembea tambarare, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi.

Namna ya kuweka mguu nayo hufundishwa. Fupisha hatua. Hatua ndefu kwenye mteremko hufanya kisigino kitue mbele ya mwili na goti likiwa limenyooka, na hapo mshtuko wote huingia kwenye gegedu badala ya kubebwa na paja. Acha goti lipinde kidogo kila unapokanyaga, mwili usiegemee nyuma, macho yatangulie hatua tatu au nne. Njia ikiwa kali, ikate mshazari, kushoto kisha kulia, kama wanavyofanya wachezaji wa theluji kupunguza kasi. Ukijikuta unakimbizwa na mteremko, tayari umechelewa kupunguza. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuusimamisha kwa hatua moja. Kipimo kizuri cha pumzi ni maongezi: kama huwezi kumaliza sentensi ukiwa unashuka, mteremko huo ni mkali mno au una haraka.

Kuhusu viatu na fimbo, gharama si kubwa ila uchaguzi una maana. Kandambili hazifai kabisa, wala viatu vya ofisini vyenye soli laini iliyokwisha. Raba yenye soli ya meno, iliyofungwa kamba vizuri na yenye nafasi mbele, inatosha. Vidole vikibanwa mbele kila hatua, kucha zitakufa ndani ya mwezi. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo ni jambo la hatari, kwa hiyo akague nyayo zake kila anaporudi. Fimbo nayo asiionee aibu. Hermann Schwameder wa Salzburg alionyesha mwaka 1999 kwamba kushuka kwa kutumia fimbo mbili hupunguza mzigo unaoingia gotini kwa asilimia 12 hadi 25. Fimbo mbili za mti mgumu, zilizokatwa kwa urefu unaofika kiunoni au juu yake kidogo, zitafanya kazi hiyo bila kuagiza kitu dukani. Zitangulize mbele, ziguse ardhi kabla ya mguu.

Majira ya Songwe yanampangia mstaafu ratiba vizuri. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na wakati huo udongo mwekundu huteleza hata chini ya kiatu kizuri. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo ya kushuka milima. Juni na Julai baridi ya asubuhi ni kali, umande ni mzito na mara nyingine kuna ukungu, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka alfajiri. Subiri jua likaushe njia, vaa sweta la kuvua. Septemba na Oktoba jua huwa kali, basi maliza kabla ya saa nne asubuhi. Katika kiangazi jihadhari na changarawe kavu juu ya ardhi ngumu, maana huangusha watu kuliko matope. Mvua zikianza, hamia kwenye ngazi za jengo lenye mshikilio imara wa mkono. Ngazi chache ukizishuka mara nyingi taratibu zinakutunzia nguvu hadi kiangazi kirudi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwenye magoti, na ni la haki. Ni kweli kwamba kushuka huliongezea goti mzigo kuliko kutembea tambarare, na mtu mwenye goti lililosagika atalisikia. Lakini goti hulindwa na misuli inayolizunguka, na paja dhaifu ni mojawapo ya sababu zinazofanya goti lishindwe kuhimili. Kukaa kwa sababu ya goti hulegeza paja, na paja likilegea goti huzidi kuuma. Njia ya kutoka kwenye mzunguko huo ni mzigo mdogo unaoongezwa kwa kipimo: mteremko mpole, hatua fupi, fimbo mbili, dakika chache. Jifunze kutofautisha maumivu. Mapaja yote mawili kuuma siku ya pili ni kazi ya kawaida ya misuli. Kiungo kimoja kuuma kwa ndani, kuvimba, kupata joto au kukwama ni onyo, na hapo acha uende hospitali.

Wengine watasema kwamba mzee anayelima hahitaji zoezi. Kauli hii ina ukweli kwa sehemu. Bibi wa Ileje anayeteremka kila siku kwenda shambani au mtoni amekuwa akifanya zoezi hili tangu utotoni, na huenda miguu yake ni imara kuliko ya mwanawe aliyeko mjini. Kwake yeye ushauri ni kuendelea kushuka na kupunguza anachobeba kichwani, maana mzigo mzito mteremkoni ndio unaoharibu magoti na shingo. Mstaafu wa ofisini ana hali nyingine. Akipata shamba, wengi humsaidia kulima na yeye husimamia. Na hata akishika jembe, kazi kubwa huangukia mgongo na mikono. Kulima ni kwema, lakini hakuyafundishi mapaja kuzuia mwili ukishuka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio walio wengi. Je, si hatari kumpeleka mzee mteremkoni? Hatari hiyo ipo kwa anayekurupuka. Hata hivyo mzee hawezi kuikwepa miteremko ya maisha: ngazi ya zahanati, mlango wa Hiace, kizingiti cha choo, ukingo wa barabara ya lami. Mahali hapo pote mwili hushuka, na asiye na nguvu ya kujizuia huangukia hapo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2019 ulikuta kwamba mazoezi yaliyopangwa hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo, hasa yale ya kujenga uimara wa kusimama na nguvu za miguu. Mzee aliyejifunza kushuka mahali salama, mchana, akiwa na fimbo na mwenzake, anajiandaa kwa zile hatua ambazo hatapewa nafasi ya kuzichagua.

Lipo pia pingamizi la macho ya watu. Mtu mzima akionekana anatembea kilimani bila jembe wala mzigo, wengine watauliza anatafuta nini, na wengine watasema pensheni imemzidi. Dawa yake ni kwenda kwa kikundi. Klabu za kukimbia zimeenea katika miji ya Tanzania, na hakuna tena anayeshangaa vijana wakipita na fulana zinazofanana asubuhi ya Jumamosi. Wastaafu watano wa Vwawa au Tunduma wakipanga siku yao, wakatangaza kanisani, msikitini na kijiweni, watu watazoea ndani ya mwezi. Kikundi kina faida nyingine iliyo kubwa kuliko kuziba midomo. Kustaafu huondoa wenzako wa kila siku kwa mkupuo, na upweke huanza siku ofisi inapofungwa. Kwa kuwa kushuka hakumalizi pumzi, ni zoezi linaloruhusu mazungumzo. Raha yake iko hapo: mandhari iko mbele ya macho, si mgongoni kama wakati wa kupanda, na mwenzako yuko pembeni anaongea. Mwende watu wasiopungua wawili, mmoja awe na simu yenye chaji, na nyumbani waambiwe mnapita njia ipi.

Wapo wasiofaa kuanza bila kumwona daktari: mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyepata kiharusi, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti karibuni, mwenye kizunguzungu, na asiyeona vizuri ardhi anayokanyaga. Baadhi ya dawa za presha hufanya kichwa kizunguke mtu anapobadili mkao, na baadhi ya dawa za kisukari hushusha sukari wakati wa mazoezi. Anayezitumia aulize, na abebe kitu kitamu mfukoni. Wala siwashauri watu waache kabisa kupanda. Utafiti wa Drexel umeonyesha kwamba kupanda kuna faida yake kwa mafuta ya damu, na mwenye pumzi apande pia. Ninachosema ni kwamba asiye na pumzi asijihesabu kuwa ameshindwa, kwa sababu nusu ya mlima inayomfaa zaidi bado iko wazi kwake.

Kwa watoto wa wastaafu nina neno pia. Tumejifunza kumheshimu mzazi kwa kumpunguzia kazi: tunamletea maji alipoketi, tunamtuma mtoto dukani kwa niaba yake, tunamzuia asishuke kwenda kwa jirani kwa sababu njia ina mteremko. Nia ni njema, lakini kila safari tunayomfutia ni kazi tunayoyanyima mapaja yake, na baada ya miaka michache tunashangaa kwamba hawezi kuinuka kwenye mkeka. Heshima iliyo kamili ni kwenda naye. Mnunulie raba inayomfaa, mchongee fimbo mbili, lipa nauli ya kumfikisha juu, kisha shukeni pamoja kwa mwendo wake, wewe ukiwa upande wa bondeni. Mzee anayeweza kushuka kwenye gari mwenyewe, kwenda chooni mwenyewe usiku na kumtembelea rafiki yake bila kuomba ruhusa ya mtu bado ana mamlaka juu ya siku yake, na mamlaka hayo hakuna mfuko wa pensheni unaoweza kumlipa. Kiangazi kijacho kikianza, chagueni kilima kimoja kilicho karibu na nyumbani, mwanzie hapo na dakika 10.